Samaki wa Ziwa Katika Nyumba ya Baridi

Sisi wakazi wa Mbeya tunaijua vyema baridi ya Juni na Julai. Ni baridi ya kumfanya mtu atie udhu huku akitetemeka. Lakini nyumbani kwetu tuliihesabu kuwa ni shida ya wanadamu peke yao, mpaka ilipoingia ndani ya tangi la kioo lililoko sebuleni.

Ndani yake walikuwamo samaki watano wadogo wa rangi ya buluu, tulioletewa na shemeji yetu kutoka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wenyeji wa ziwa huwaita mbuna, nao huishi kwenye miamba. Binti yetu wa miaka minane ndiye aliyekuwa mlishaji wao. Sisi wazazi tuliona tumekwisha timiza wajibu: maji safi, chakula na mashine ndogo ya kutia hewa. Hatukuzingatia kwamba ziwa lile liko takribani mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wetu uko takribani mita 1,700. Tuliwapandisha mlimani viumbe waliozoea maji ya uvuguvugu, pasi na kuwaandalia chochote.

Alfajiri moja, baada ya swala, tuliwakuta wametulia chini kabisa, hawasogei. Kipimajoto kilionesha nyuzi 17. Kwa huruma iliyotangulia akili, tulichota sehemu ya maji ya tangi na kumimina maji ya moto yaliyokuwa jikoni kwa ajili ya kuoga, hadi kipimo kikafika 24. Samaki wakachangamka, nasi tukaenda kazini tumeridhika. Tuliporejea adhuhuri, watatu walikuwa wanaelea.

Binti hakulia. Aliuliza tu: "Baba, si ulisema unawasaidia?"

Hatukuwa na jibu, tukaenda kulitafuta kwa mfugaji mzoefu. Alitufahamisha kuwa samaki hana joto lake mwenyewe; mwili wake hufuata joto la maji. Kwa hiyo mabadiliko ya ghafla humdhuru, hata kama yanaelekea kwenye kiwango kilicho bora. Mbuna hustawi katika nyuzi 24 hadi 27, lakini aliyepatwa na baridi hurejeshwa huko polepole, kwa saa nyingi.

Tukanunua hita yenye themostati, kifaa kinachojiwasha maji yakipoa na kujizima yakifikia kiwango. Wafugaji hukadiria wati moja kwa kila lita. Tangi letu ni la lita 60, na kwa sababu ya baridi tulichukua hita ya wati 100. Kipimajoto tumekiweka upande ulio mbali na hita, ili kitueleze hali ya tangi zima. Tunapobadilisha maji, kwanza tunachomoa hita na kuiacha ipoe, kwani kioo chake chenye moto kikikutana na hewa au maji baridi hupasuka. Maji mapya tunayapima kwenye ndoo kabla ya kuyatia. Umeme ukikatika, tunalizungushia tangi blanketi na kupunguza chakula, maana samaki mwenye baridi husaga chakula kwa shida.

Ndugu zetu wa pwani wana mtihani wa kinyume: tangi lisikae juani, kwa kuwa maji yakizidi joto hubeba hewa kidogo.

Sote tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Tulidhani kisa hicho kinahusu njaa tu. Samaki aliye ndani ya kioo hawezi kuhamia maji yenye joto. Joto lake lote liko mikononi mwa aliyemfungia.

Wawili waliosalia wangali hai, alhamdulillah. Binti yetu huandika kipimo daftarini kila asubuhi na jioni. Sisi tunaoandika mihtasari ya kamati ya msikiti tumelikagua daftari hilo: tangu alipolianza, hajaruka hata siku moja.