Bukavu: vichekesho vya watu wa kila siku havijafunga

Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mwezi wa pili 2025, mambo mengi yalisimama. Benki zilifunga, feza ya mkononi ikawa ngumu kupata, na familia nyingi zikakimbia, nyingine mpaka Burundi. Vichekesho havikufunga. Kutoka Kadutu mpaka Panzi, umeme ukirudi, simu moja inazungukwa na watoto, wamama na wazee.

Wanaoonekana humo ni watu wa kila siku. King Majuto wa Tanga, jina lake Amri Athumani, alifariki tarehe 8/8/2018, lakini mzee mbishi aliyekuwa akimwigiza bado anagombana na jirani zake. Joti wa Orijino Komedi anajifunga kitenge, anakuwa bibi mwenye maneno mengi. Wakenya wana Vioja Mahakamani: mshtakiwa anafika mbele ya hakimu na kesi ndogo, mdomo wake unaifanya kubwa.

Warusi nao walipitia njia hiyo. Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991, bei zikapanda, akiba za watu zikapoteza thamani. Mwaka 1993 Yuri Stoyanov na Ilya Oleinikov walianza kipindi cha Gorodok, maana yake mji mdogo. Wao wawili walijigeuza kuwa watu wa kila namna, wanaume kwa wanawake. Kiliendelea mpaka 2012, Oleinikov alipofariki.

Kwa nini mtu mwenye shida anacheka? Kwa sababu anatambua watu wake. Mama aliyekimbia nyumba yake akimuona bibi mchokozi kwenye simu, anasema: "Huyu ni yule jirani yetu kabisa!" Kwa dakika tano avenue yake inarudi, pamoja na wote waliotawanyika.

Lakini kuna mpaka. Mchekeshaji mzuri anamcheka mchoyo, mwongo na mwenye kiburi. Akiiga mkimbizi anayepanga mstari kutafuta unga, anamcheka mtu ambaye hakuchagua kuwa pale, na mtoto wa mkimbizi huyo anatazama pia.

Basi, familia inayopokea wageni ikiwasha simu jioni, iwaite na wao wasogee karibu. Sahani ya foufou inapungua kila mkono unapoongezeka. Kicheko hakipungui.