Ripita, Stima na Insulini ya Mama

Nimekuwa kimya, lakini mikono haikulala. Leo nawasimulia kosa nililolifanya hapa nyumbani Migosi, kosa lililotugharimu chupa ya insulini.

Mama ana kisukari. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Sasa hapa Kisumu mvua ya radi ikija, stima nayo huaga, na joto la mji huu mnalijua. Nikajiambia, mimi mwanaprogramu mzima, mbona nibahatishe? Nikanunua kihisi cha joto cha Zigbee, kile cha betri ndogo ya duara, nikakiweka ndani ya friji. Vipimo vinapokelewa na Raspberry Pi iliyo chumbani kwangu karibu na lango, yenye betri ya akiba na modemu ya laini ya simu. Joto likipita nyuzi 8, napata ujumbe.

Tatizo la kwanza lilikuwa umbali. Kutoka jikoni hadi kwangu ni kama hatua 25, lakini katikati kuna kuta tatu za mawe, na friji yenyewe ni sanduku la chuma. Zigbee imejengwa juu ya IEEE 802.15.4, kiwango cha redio kilichotolewa mwaka 2003. Vifaa vya nyumbani hutumia masafa ya gigahezi 2.4 kwa nguvu ndogo sana, na ukuta wa mawe huyameza. Kipimo kimoja kilifika, vitano vikapotea.

Dawa yake ni ripita. Kihisi cha betri husinzia muda mwingi ili betri idumu, kwa hivyo hakiwezi kubeba ujumbe wa mwenzake. Kifaa cha kwenye soketi hakilali. Hupokea ujumbe na kuusogeza mbele, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Nikachomeka plagi mbili za Zigbee, moja sebuleni, nyingine varandani. Kisha nikakiunganisha kihisi upya nikiwa jikoni, maana vihisi vingine hung'ang'ania njia ya zamani hata kama iliyo bora ipo karibu. Vipimo vikaanza kuingia bila kukosa. Nikatembea kifua mbele.

Usiku mmoja stima ikapotea saa mbili. Nikatazama skrini: nyuzi 5. Nikalala. Saa moja asubuhi stima ilikuwa bado, na skrini inasema nyuzi 5. Nikaenda jikoni kuchukua maziwa. Yalikuwa vuguvugu.

"Nyathina," Mama akaniuliza, "hiyo mashine yako inasemaje?"

Sikuwa na jibu. Mfamasia alisoma karatasi ya dawa, akatuambia tuhesabu siku 28 kuanzia siku ile. Zilikuwa chupa mbili. Ya pili isingefikiwa kwa wakati. Tukaitupa.

Mmeshaona kosa? Ripita zangu zilikula stima ileile ya friji. Friji ilipozimika, nazo zikazimika. Kihisi kilikuwa kinapiga kelele gizani bila wa kumsikia, na programu yangu ikaendelea kuonyesha kipimo cha mwisho bila saa yake. Kimya nikakisoma kama usalama. Vifaa vilifanya kazi yake. Mwandishi wa programu ndiye aliyelala.

Nimerekebisha mambo mawili. Kwanza, ripita ya sebuleni sasa ni kijiti cha Zigbee cha USB nilichokiwekea programu ya kukifanya ruta, nacho kinakula kwenye pawabenki inayochajiwa huku ikitoa moto. Ya varandani nayo vivyo hivyo. Pili, kihisi nimekipanga kitume kipimo kila dakika 10 hata kama joto halijabadilika. Zikipita dakika 30 bila neno, ujumbe unatoka: "Friji iko kimya. Nenda ukaangalie." Unakwenda kwangu na kwa Mama pia.

Jumamosi nilizima swichi kuu makusudi, vipimo vikaendelea kuja. Kisha nikachomoa na pawabenki. Tukakaa na Mama, simu mezani. Baada ya nusu saa ikalia. Mama akasoma polepole, akainuka, akaenda kufungua friji mwenyewe.

Basi ndugu msomaji, ukishajenga mtandao wako, zima swichi kuu kabla stima haijakuzimia. Tuonane tena.