Orodha Pungufu

Fundi mwenye busara habomoi nyumba nzima kwa sababu ya dirisha moja lililopasuka. Stuart Feldman alifuata hekima kama hiyo mwaka 1976, alipotunga programu iitwayo Make katika Bell Labs, Marekani. Mwenzake alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa alilokwisha kulisahihisha, kwa kuwa faili lile halikutafsiriwa upya katika lugha ya mashine. Make husoma orodha ionyeshayo kila faili hutegemea lipi, hulinganisha saa yalipobadilishwa, kisha hutafsiri upya yale tu yanayohitaji.

Msomaji, niliipenda sana programu hiyo, na mapenzi hayo yakaniponza.

Nilikuwa nimetunga programu ndogo ya kuhesabu alama za wanafunzi wangu. Faili moja lilijumlisha alama, la pili liligawanya jumla ili kupata wastani, na la tatu lilitaja idadi ya masomo, nayo mawili yale yakaitumia. Muhula mmoja masomo yaliongezeka kutoka 7 hadi 8. Nikabadili idadi, nikatengeneza kidogo faili la kugawanya, nikaita Make. Kumbe katika orodha yangu sikuandika kwamba faili la kujumlisha hutegemea faili la idadi! La kugawanya likatafsiriwa upya. La kujumlisha likabaki na 7 ya zamani.

Siku ya matokeo msichana mmoja alinijia, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, naomba unihesabie tena."

Masomo yake 7 ya kwanza yalikuwa na jumla ya alama 350, na katika Kilimo, somo la nane, alipata 90. Wastani wake wa haki ulikuwa 55. Karatasi ilionyesha 43.75. Nilikaribia kumwambia kwamba mashine haikosei. Namshukuru Mungu kwamba nilishika kalamu kwanza.

Niliamuru yafutwe yote yaliyotafsiriwa, nikaanza upya, na hesabu ikawa sawa. Lakini kuanza upya kila siku si dawa: katika programu kubwa hula muda mwingi, tena huficha kasoro bila kuiponya. Kwa hiyo niliketi nikaikamilisha orodha.

Nawe, msomaji, ukiishuku kazi yako, usione haya kuianza upya. Ila usiiache kabla hujajua ulikosea wapi. Mashine ilitii orodha yangu. Upungufu ulikuwa wangu, na aliyelia alikuwa mwingine.