Namba Kwenye Kaunta Buku

Mama alinipigia simu nikiwa chuoni Dar es Salaam. Chumba cha uani kimepata mpangaji. "Njoo uondoe lile debe la baba yako, la sivyo watu wa skrepa watalipima kwa kilo."

Debe lenyewe ni SPARCstation 5 ya kampuni ya Sun, wekisteshoni iliyoingia sokoni mwaka 1994. Ni bapa kama boksi la shati. Baba aliitumia katika ofisi moja hapa Tabora, akiwa mchoraji wa ramani. Ilipouzwa kwa mnada aliinunua, akaifunga kwenye baiskeli, akaja nayo nyumbani.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Baba alikua bila kuiona hata moja. Mimi nasomea uzamili wa uhifadhi wa nyaraka na naiita mashine hii ya kale. Kwake ni ya kwanza.

Niliiunganisha na laptopu yangu, nikaiwasha. Ikajibu kwamba kitambulisho chake si sahihi. Ugonjwa huo unajulikana. Ndani yake kuna chipu inayotunza saa, mipangilio na anwani ya mtandao, na betri imefungiwa humo humo. Betri ikifa, mashine haijui tena ni nani.

Fundi redio wa sokoni aliikwangua chipu, akailehemu betri bapa ya volti tatu juu yake. Ikabaki namba. Anwani za Sun za wakati ule zilianza na 08:00:20. Nusu ya pili ni ya kila mashine peke yake, na kibandiko chetu kilikuwa kimefutika. Ningeweza kubuni yoyote, ingekubali. Lakini Baba aliingia ndani akarudi na kaunta buku. Alikuwa ameiandika kwa wino wa buluu, chini ya namba ya fremu ya baiskeli.

Nikaiingiza. Safari hii haikulalamika.

Diski haikuzunguka. Baba aliinama akaweka sikio kama anayetafuta stesheni. "Imekumbuka jina," alisema, "imesahau kazi."

Nilijua alichokuwa akikitafuta. Kwenye ramani zilizochapwa liko jina la mkuu wake. La kwake halipo. Mafaili ya humo ndani ndiyo yaliyokuwa na jina la aliyechora.

Nikiwa shule ya msingi tulipelekwa Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani. Tulirudi tunalijua jina la mgeni. La mpagazi hata mmoja hatukuambiwa, na wengi wetu darasani tulikuwa wajukuu wa Wanyamwezi waliobeba mizigo ile.

Jumamosi mpangaji alileta kitanda. Mashine niliifunga kwa kanga kuukuu ya Mama, tayari kwa treni. Kabla ya kufunga fundo nilitoa kadi ya kumbukumbu, kama tunavyofundishwa. Penye mtengenezaji niliandika Sun. Penye mtumiaji nilimpa Baba kalamu.

Akavaa miwani, akaandika majina yake yote matatu, polepole, kwa herufi kubwa za mchora ramani.