Beki wa Bandarini

Nilizaliwa Ujiji katika mwaka wa 1946, baba yangu akiwa mchuuzi wa dagaa na mama yangu mkamuaji wa mawese, na kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mji ule, nasaba yetu ilianzia ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema, walikotoka babu zetu zama za misafara ya pembe. Ujiji ulikuwa mji wa misikiti na vyuo vya Kurani, wenye kujivunia Kiswahili chake na adabu zake. Wageni waliujua kwa sababu Stanley alikutana na Livingstone pale mwaka wa 1871, lakini sisi watoto tulihisabu utukufu wake kwa mambo mengine, na la kwanza lilikuwa mpira.

Asubuhi tulikuwa chuoni, adhuhuri shuleni, na alasiri mchangani, ambako mpira wetu ulikuwa fundo la matambara lililokazwa kwa kamba. Mchanga ule, hata hivyo, haukuwa wetu peke yetu. Dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa karabai walianikwa hapo tangu jua kuchomoza, na akina mama waliowalinda, kila mmoja na fimbo yake, hawakuwa na msamaha kwa mpira ulioangukia anikio. Kwa hiyo kabla hatujajua goli liko wapi, tulikuwa na sharti moja lisilovunjika: mpira usiingie kwenye dagaa. Mimi niliyekuwa na miguu mirefu kuliko umri wangu niliwekwa upande huo, na huko, nikiwa na hofu ya fimbo kuliko hamu ya ushindi, nilijifunza kusimama kati ya mpira na kitu ambacho si halali yake kukigusa.

Mwalimu wangu wa kwanza wa mchezo huu alikuwa fundi wa mitumbwi, ambaye katika ujana wake alikuwa amecheza sentahafu, na ambaye alizoea kuacha tezo yake juu ya ubao ili atuite mmoja mmoja na kutukosoa. Siku moja, baada ya kijana mdogo kuliko mimi kunipiga tobo mbele ya umati, nilimwendea nikiwa nimeinamisha uso.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa unatazama nini?"

"Miguu yake, mzee."

"Basi ndiyo iliyokuhadaa. Macho ya mshambuliaji husema uongo, na miguu yake huzidi. Tazama kiuno. Hakuna mtu awezaye kwenda mahali akakiacha kiuno chake nyuma."

Yeye ndiye aliyenieleza pia kwamba kazi ya beki ina historia yake. Zamani sentahafu alikuwa kiungo wa katikati, akishambulia na kulinda kwa kadiri alivyoona. Lakini kanuni ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925, ikawa wachezaji wawili wa upinzani watosha mbele ya mshambuliaji badala ya watatu, magoli yakafumuka kila mahali, na Herbert Chapman wa klabu ya Arsenal huko London akawa miongoni mwa waliomrudisha sentahafu nyuma kati ya mabeki wawili. Baadaye Brazil, waliotwaa Kombe la Dunia mwaka 1958, waliweka wanne nyuma, na desturi hiyo ilipotufikia Kigoma nilikuwa tayari nimevaa fulana namba 5, wala haikunitoa mahali pangu. Ilinipa mwenzi tu.

Katika mwaka wa 1964 niliajiriwa karani katika ghala la bandari ya Kigoma, na sitaificha sababu ya kuajiriwa kwangu. Vijana waliojua kuandika na kujumlisha walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa na hati nzuri kuliko yangu; lakini afisa mmoja aliyependa mpira alitaka timu ya wafanyakazi isiyofungwa ovyo, na aliponiona nikicheza aliuliza kama najua hesabu. Mpira wa zama zetu ulikuwa mpira wa ridhaa. Haukuwa na mshahara, wala mkataba, wala ada ya usajili. Ulichoweza kumpatia mtu ni kufunguliwa mlango wa ajira, na akisha kuingia alitakiwa afanye kazi kama wenzake wote, isipokuwa kwamba saa kumi alasiri aliruhusiwa kwenda mazoezini.

Bandari ile ilikuwa mwisho wa reli iliyofika kutoka Dar es Salaam mwaka 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250, na hapohapo ulikuwa mwanzo wa safari za majini. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, na ikarudi kazini kwa jina lake jipya mwaka 1927, ilipokea abiria na shehena zetu kwenda kusini hadi Mpulungu. Kahawa na pamba za Burundi zilipita mikononi mwetu, na magunia ya dagaa, na madebe ya mawese, na kila kilichoingia na kutoka niliandika kwa mkono wangu, nikikitia alama ya chaki ili kisihesabiwe mara mbili. Kazi hiyo na ile ya uwanjani zilidai tabia moja: mtu awepo mahali pake kabla hajahitajika, na asisubiri kusifiwa kwa jambo ambalo halikutokea.

Uwanja wa Kigoma ulikuwa na siri ambazo wageni walizijua baada ya kufungwa. Siri kubwa ilikuwa jua. Mji uko magharibi kabisa ya nchi, na ingawa saa zetu ni zile za Dar es Salaam, jua letu huchelewa kuzama kwa kadiri ya dakika 40. Tena huzama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Mechi ikianza saa kumi, basi kipindi cha kwanza jua liko juu na halimdhuru mtu sana, lakini kipindi cha pili hushuka likamwingia machoni yeyote anayeelekea ziwani, na mpira wa juu humtokea ghafla kama jiwe lililotupwa kutoka ndani ya tanuri. Kepteni wetu, fundi wa karakana ya reli, alipopata kura ya shilingi hakuchagua mpira. Alichagua goli la mashariki, ili katika kipindi cha kwanza sisi tuvumilie mng'ao uliokuwa mwepesi, na kipindi cha pili tuupe mgongo. Mimi nami, ikisalia nusu saa, niliwaambia mawingi wetu wapige krosi za juu, maana nilijua beki mwenzangu wa upande wa pili haoni kitu.

Safari za ugenini zilitulipisha deni la jua hilo. Tulipanda treni Kigoma jioni, tukapita Uvinza penye chumvi, tukaamkia njia ya Tabora, na kama mechi ilikuwa Dar es Salaam tulilala njiani usiku wa pili. Daraja la tatu halikuwa na kitanda. Mabeki, ambao miguu yao ndiyo rasilimali, walikubaliana walale sakafuni, vichwa chini ya benchi na nyayo juu ya magunia, ili damu isishuke ikavimbisha vifundo; na washambuliaji, waliokaa juu kwa kujiona, walishuka wakichechemea.

Wengi wa rika langu waliondoka. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na klabu za Dar es Salaam zilikuwa na macho marefu. Ndugu wa ukoo wa Manara, ambao asili yao ni huku kwetu, walipata sifa kubwa katika Yanga, na Sunday Manara akafika hata Uholanzi kuichezea Heracles ya Almelo, jambo lililotufanya sote tutembee vifua mbele. Lakini hao walikuwa washambuliaji. Furaha yangu niliipata baadaye, Jellah Mtagwa, beki na nahodha wa taifa, alipochapishwa katika stempu za Kombe la Dunia la 1982. Nilizinunua posta, nikazibandika katika barua zote za ofisi zilizopita mezani kwangu, nikijua kwamba kila karani wa nchi hii atakayezipokea atauona uso wa mlinzi.

Goti langu liliniacha mwaka 1979, lakini ajira haikuniacha. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na reli na bandari yetu chini yake, ilikwisha vunjika mwaka 1977, na tukawa wafanyakazi wa shirika la reli la Tanzania. Ghala lilikuwa lilelile na kitabu kilekile. Vita vya Kongo vilipowasukuma watu kuvuka ziwa mwaka 1996, chakula cha wakimbizi kilipita bandarini petu usiku na mchana, na mwaka uliofuata Liemba iliwarudisha maelfu kwao. Unga wa mtu mwenye njaa ni amana nzito kuliko kombe lolote, na katika miezi ile nilishukuru kuwa nilifundishwa mapema kusimama mbele ya kitu kisichokuwa changu.

Mjukuu wangu hunionesha katika simu mchezo wa Wamarekani, ambamo walinzi ni kikosi mbali na washambuliaji, na hulipwa mamilioni kwa kuzuia tu. Ameniambia habari za Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda, ambaye alicheza ulinzi katika New York Giants, timu iliyotwaa ubingwa Februari 2012. Hunicheka, akidai kwamba nilizaliwa mahali pasipo pangu. Sikubaliani naye. Fedha ni neema, lakini mlipwaji wa namna hiyo naye ana goti kama langu, na siku litakapokataa atahitaji kazi ya pili kama mimi niliyekuwa nayo tangu siku ya kwanza. Nimestaafu tangu mwaka 2001, na pensheni yangu, ndogo ilivyo, haijawahi kuuliza nilifunga magoli mangapi.

Vijana wa Mwanga, hapa Kigoma, na wa Ujiji hunijia wakitaka niwafundishe kukaba, nami huwafundisha kiuno, jua na krosi, kisha huwauliza wanasoma nini. Wanangu wawili niliwapeleka shule kabla sijawanunulia viatu vya mpira, na walinilaumu sana. Aliye hodari zaidi kati yao sasa ni mhasibu, hucheza beki kila Jumapili, na Jumatatu hufika kazini akiwa anachechemea lakini mshahara wake uko palepale.