Linux iliyovaa nguo za Windows

Samahani kwa kimya kirefu, kazi zimenibana. Leo nina kisa cha Linux, na safari hii si cha kwenye meza yangu bali cha cyber ya shangazi yangu huko Njoro.

Shangazi ana kompyuta 4, zote ex-UK, Core i3 za kizazi cha nne. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Zake hazimo. Kununua nyingine nne ni kula karo ya binamu yangu. "Si wewe ndiye ulisomea hizi vitu?" akaniuliza. Nikakosa jibu.

Wazo langu, niseme ukweli, lilikuwa kudanganya wateja. Niweke Linux inayofanana na Windows, mtu akae, afungue brauza, aingie iTax au eCitizen, alipe, aende zake bila kujua lolote. Nikachagua Zorin OS, iliyoanzishwa Ireland mwaka 2009 na ndugu wawili, Artyom na Kyrill Zorin. Unabofya mara moja tu, sura yote inabadilika. Ile ya kufanana na Mac iko kwenye toleo la kulipia.

Mchezo huu ni wa zamani. Lindows ilianza 2001, Microsoft ikaishtaki kwa sababu ya jina, na mwaka 2004 kesi ikaisha kwa Microsoft kutoa dola milioni 20 na jina kubaki Linspire. Korea Kaskazini nao wana Red Star, ambayo toleo lake la 3.0 limeiga Mac waziwazi. Na mimi nikajiunga na kundi hilo, nikiwa Njoro :-)

Jumamosi tukafungua. Saa ya kwanza, shwari. Kisha mwalimu mmoja akauliza diski D imeenda wapi. Mwanafunzi akabofya faili la .exe kutoka kwenye flashi, Zorin ikampendekezea programu mbadala, naye akaona ni virusi. CV ya kurasa mbili ikawa tatu, kwa kuwa fonti ya Calibri haikuwepo.

Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyesema hii ni kompyuta ya aina nyingine. Wote walisema, "Windows yenu imeharibika." Mama mmoja akachukua flashi yake akavuka barabara kwenda cyber ya pili. Shangazi hakuniambia kitu, alinitazama tu. Na kosa halikuwa la Zorin, lilikuwa langu. Kama sura ni ile ile, mtu ana haki ya kutarajia tabia ile ile.

Usiku nikakumbuka Jambo OpenOffice, ile waliyoitoa wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, menyu kwa Kiswahili. Ukiifungua tu unajua uko kwingine. Haikujificha.

Basi Jumapili nikaweka Linux Mint ya Xfce kwenye mashine tatu. Menyu iko chini kushoto, kwa hiyo mkono haupotei, lakini nembo ni yake na rangi ni zake. Nikaongeza fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, CV ikarudi kurasa mbili. Juu ya kila skrini nikabandika karatasi: HII SI WINDOWS. ULIZA TUKUSAIDIE. Ya nne imebaki na Windows 10, bila intaneti, kwa ajili ya skana ambayo sikuipatia draiva.

Maswali hayakupungua, pengine yaliongezeka. Lakini sasa mtu anauliza "hapa nasevu wapi?" badala ya kulaumu mashine. Yule mwalimu alirudi, akaomba nimwekee kwenye laptop yake pia. Yule mama bado hatujamwona.

Mtihani wenyewe ni Juni, foleni ya ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Nimemwahidi shangazi kwamba wiki hiyo ya mwisho nitakuwa pale mlangoni, kwenye kiti cha plastiki.