Dubu Mweupe na Bata Bukini wa New Zealand

Muhula uliopita, katika mjadala wetu wa Jumamosi, nilisimama upande wa waliosema kwamba mnyama apoteaye duniani amejitakia mwenyewe. Nilitoa mfano wa bata bukini wa New Zealand wa zamani, ndege mrefu kadiri ya mita moja, mzito kupita kilo 15, asiyeweza kuruka. Nikauliza, "Ndege aliyeacha mabawa yake amlaumu nani?" Wenzangu wakacheka, nasi tukashinda kwa kura nyingi.

Mwalimu hakunisifu. Aliniuliza neno moja tu: "Na dubu mweupe, naye ni mvivu?" Nikaenda maktaba nikiwa na jibu tayari, nikatoka sina.

Kumbe wazee wa ndege yule walitoka Australia wakivuka bahari kwa mabawa. Huko walikofika hapakuwa na mnyama wa miguu minne wa kuwawinda, na majani yalikuwa chini. Basi vizazi kwa vizazi mabawa yakapungua, miguu ikapata nguvu. Watu walipofika katika karne ya 13, pamoja na mbwa na panya, hakuwa na muda wa kujifunza hofu. Karne chache zikapita, ikabaki mifupa.

Dubu naye ana nguvu nyingi. Dume huweza kufika kilo 600, na ni mwogeleaji hodari. Lakini chakula chake ni sili, naye humvizia juu ya barafu ya bahari, kando ya tundu la kupumulia. Barafu ikiyeyuka mapema, dubu hushinda njaa.

Tofauti ni kwamba bata hakupata mtetezi. Mwaka 1973 Kanada, Denmark, Norway, Marekani na Umoja wa Kisovieti walipatana kumlinda dubu na wawindaji. Mwaka 2015 wataalamu walikisia wako kama 26,000. Lakini bunduki huzuiwa kwa amri. Joto la dunia, litokalo katika makaa na mafuta tuchomayo, halisikii amri.

Siku ile mtoto wa kidato cha pili alijaribu kuyasema haya, sauti yake ikazama katika kicheko chetu. Mwaka huu natoka shuleni. Ndugu yangu, kura zilikuwa zangu, haki ilikuwa yako. Nisamehe. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.